Miguu Isiyotulia

Kware, Jumatano

Mama mpendwa,

Hujambo huko nyumbani? Goti lako limepata nafuu, au bado unalikanda kwa maji ya chumvi? Mimi naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo. Nikikaa, dakika mbili haziishi kabla sijainuka.

Najua Dada Nafula alikupigia akasema ugonjwa wangu umerudi. Haujarudi. Zile sauti zilizonitukana mwaka mzima zimenyamaza tangu nianze vidonge vya kliniki. Lakini vidonge hivyohivyo vimeniletea balaa miguuni. Natembea kutoka mlangoni hadi dirishani, nashuka ngazi orofa sita, napanda tena. Fundi wa viti kule Makongeni amenirudisha nyumbani kwa sababu siwezi kushika msasa nikatulia. Nimechoka, Mama. Heri ningeumwa jino.

Nimetoka kidogo, nimerudi.

Dada aliponiona hivyo alidhani nachanganyikiwa tena. Kwa kunipenda, akaanza kusaga kidonge cha ziada na kukitia kwenye uji wangu wa asubuhi bila kuniambia. Nikazidi kutembea, naye akazidi kusaga. Tulipoenda kliniki, muuguzi akamuuliza, "Anakunywa ngapi kwa siku?"

Dada akainama. "Nilimuongezea kidogo tu. Niliona amerudi vile alikuwa."

"Huu si ugonjwa, ni dawa imezidi. Usimuongezee tena, na yeye asiache ghafla."

Daktari amepunguza dozi na kunipa kidonge kingine cha kutuliza miguu. Nilimnunia dada njia nzima, halafu nikamhurumia.

Sasa nasikia Baba Mdogo anakuja Jumamosi kunichukua, nikakae kwa wale wa kanisa la kanzu nyeupe waniombee. Maombi nayataka. Lakini kwao mgonjwa hukatazwa dawa, na nikiziacha, sauti zitarudi. Hilo nalijua kuliko nabii wao. Tafadhali mzuie asije.

Msalimie huyo Baba Mdogo, asininunie. Msalimie Shangazi anayeuza mboga sokoni, na mdogo wangu Barasa, ambaye bado ana koti langu.

Jambo moja nimekuwa nikilimeza, Mama. Tangu niugue, ukipiga simu unamuuliza dada, "Anaendeleaje?" nami niko hapohapo nasikia. Jumapili ukipiga, niulize mimi.

Mwanao,
Simiyu