Zambi ya Samaki Iliyoungua

Lubumbashi, Karavia

Mama Kabedi, muke wangu,

Mugongo iko namna gani? Ungali unalalamika ukiinama? Na ile sauti ya kuita muntu toka ngambo ya barabara, iko nguvu? Mi niko muzima. Macho munganga alitengeneza zamani, nasoma hata maandishi ya sanduku ya dawa. Najua unasema: "Kama imepona, muzee anakawia nini kule?" Ngoja.

Hapa kwa binti yetu banapika na courant, moto ya umeme. Asubui naamuka, nanusa: hakuna moshi, hakuna samaki yako ya kukausha, hakuna weye.

Tena nilianza kusali vibaya. Rozari nashika, lakini nikifika "utusamehe makosa yetu," ulimi unakwama. Nikaenda kuungama. Nikaambia padri: mama anasinzia ku misa, mama anapiga kelele, mama alinifungia mulango mvua ikinyesha. Nilisema mpaka nikasikia raha. Padri mwenyewe kijana, ndevu haijatoka, akaniuliza: "Baba, mama atakuja kuungama yake. Weye ulileta nini?"

Nikakohoa. Nikatafuta zambi ndogo ndogo, sikupata. Ikabaki ile kubwa.

Mama Kabedi, ile siku samaki yote iliungua, uliniachia moto nilinde. Nilienda kunywa munkoyo, ile pombe ya mahindi, kwa jirani. Bamama ba shirika ya kanisa bakafika, nikasema: "Muke wangu njo aliacha moto." Bakakucheka. Uliniangalia tu, ukainama kuokota ile iliyoungua. Kesho yake nikapanda lori, nikasingizia macho.

Padri hakunipa hata Salamu Maria moja. Alisema: "Sala unajua sana, baba. Mwandikie yeye."

Basi peleka hii barua ku shirika, mwalimu asome kwa sauti, bale bamama bote beko. Bacheke mi. Naogopa kuliko hukumu ya mwisho, maana Mungu hana ulimi kama ya bale bamama. Leo asubui, mbele ya kuandika, nilisali ile sala polepole mpaka mwisho. Ilipita, lakini ilikwaruza.

Salimia dada yangu mukubwa, na jirani wa munkoyo. Umwambie yeye hana kosa.

Kurudi nataka sana. Lakini nyumba ni ya ule nilimusingizia, njo yeye atasema.

Bwana yako, kama ungali unakubali hilo jina,
Baba Kabedi