Kompyuta ya Baba Haikwami Tena

Naryn, Jumanne

Kaka Tilek,

Theluji imetuwahi mwaka huu, ila viazi tulishavuna.

Ulishauri vizuri: tusihangaike na skrini kubwa, tununue kadi ya picha yenye nguvu na kuongeza RAM. Nimezifunga mwenyewe, na mchezo wenu wa bunduki sasa unateleza. Kabla ya hapo ilikuwa Baba na kelele zake: “Tilek hanishindi, ni hili dude linakwama!”

Unauliza mbona wiki nzima Baba haonekani mchezoni. Simu zako sipokei, sauti itaniumbua. Unajua kwetu kuna habari haziandikwi. Husemwa ana kwa ana, wazee wakiwepo. Mama kaniambia nikujibu kwamba kompyuta bado inakwama.

Haikwami, kaka. Njoo nyumbani.

Mdogo wako,
Saikal