Ngozi ya Tumboni

Mjomba,

Shikamoo. Huku hatujambo. Bonge ameota jino la pili na ananing'ata bila huruma. Natumaini safari yako inakwenda vizuri.

Kile kidole changu kilichochunwa na mashine yako ya kukandia unga kimepona. Daktari aliinua kipande cha ngozi ya tumboni bila kukitenganisha na mwili, akafunika nacho mfupa, mkono ukashonwa hapo hapo tumboni. Nikawa nanyonyesha kwa mkono mmoja, mama akimshikilia mtoto. Ngozi iliposhika kidoleni ndipo wakaikata kutoka tumboni. Sasa ni laini kama shavu, Bonge halali mpaka akishike kidole hicho.

Ulipokuja wodini uliwaambia watu, "Wasichana hawa! Mikono kazini, macho kwenye simu!" Wakacheka. Nilinyamaza kwa kuwa wewe ni mjomba. Lakini kinga ya mashine uliifungua wewe, ukasema inachelewesha mikate.

Basi jana nilikwenda kazini. Sikupiga kelele. Niliwashikisha wenzangu kidole, mmoja mmoja, nikawaeleza. Fundi wa tanuri, rafiki yako, alikishika mpaka jasho likamtoka. Akaenda akazima mashine.

"Haiwashwi," akasema, "mpaka mwenyewe airudishe kinga, na atuambie hapa nani aliifungua."

Leo wateja wako wamehamia kwa yule jirani usiyempenda. Nimeonja mikate yake, mitamu kweli.

Usiharakishe, Mjomba. Nimeweka kiti hapa kazini, mlangoni, mimi na Bonge tunakusubiri useme.

Mpwa wako,
Mama Bonge