Miguu ni Yangu

Izia, Sumbawanga
Agosti 14

Dada yangu Rozina,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Kipili, wewe na shemeji Christopha, na kile kikohozi cha mama mkwe wako kiwe kimepungua. Huku ulezi tumeshavuna, Silvana na watoto hawajambo. Habari zangu mimi zinafuata.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Ningepiga ungesikia sauti yangu, na hiyo ndiyo sitaki uisikie.

Unalikumbuka lile daftari ulilonicheka nalo Pasaka? Bado naandika kila alfajiri kabla ya kwenda kufundisha. Ni zoezi la wale wanafalsafa wa kale, Wastoiko, wanaotajwa katika Matendo ya Mitume. Unapiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto unaweka yaliyo katika uwezo wako, kulia yasiyo katika uwezo wako, na hayo ya kulia unayaacha yaende zake. Limenisaidia, sikatai. Siku hizi sichapi mtoto kwa hasira, na nikikuta ugali umepoa nakula kimya. Nikajiona nimekomaa.

Ndiyo maana mwaka jana, shemeji alipopotea ziwani siku mbili, nilikupigia kukuhubiria. Nilikwambia upepo si wako, tulia. Ukanijibu kwamba kweli upepo si wako, lakini miguu ni yako. Ukakata simu, ukaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba wenye boti za mashine wakamtafute, wakamkuta hai. Mimi niliandika daftarini kwamba dada yangu hajajifunza kutulia. Nisamehe.

Dada, nina uvimbe shingoni. Ulianza mwezi wa tano kama punje ya harage, sasa ni kama yai la kuku. Baridi ya huku unaijua, kila mtu kajifunga skafu, basi na mimi nikajifunga yangu mpaka kitandani na hakuna aliyeuliza. Sauti ilipoanza kukwaruza nilisingizia chaki. Nilikwenda zahanati kwa siri, wakaniandikia niende hospitali ya mkoa nikakatwe kinyama wakakipime. Karatasi hiyo ina wiki saba imekunjwa ndani ya daftari.

Nitakueleza jambo ambalo hata padre sijamwambia. Wiki zote saba, kila alfajiri, nimeuandika uvimbe huu upande wa kulia. Naandika kwa mwandiko mzuri, napiga mstari, najiambia nimetulia. Uongo mtupu. Naogopa, dada. Naogopa kuambiwa jina la ugonjwa. Jana nilizungukia njia ya nyuma kwenda sokoni ili nisipite mbele ya geti la hospitali.

Sasa joto linarudi na Silvana ameanza kuuliza skafu ya nini. Leo alfajiri nimeandika upande wa kushoto neno moja tu: kwenda. Nikakaa nalitazama mpaka muda wa shule ukafika. Nikaenda shule.

Miguu ni yangu, lakini imenigomea. Panda basi la Jumatatu. Usimwambie Silvana kabla hujafika, nitamwambia ukiwa umekaa pembeni yangu. Na usinihubirie kama nilivyokuhubiria. Nishike mkono tu unipeleke, kama ulivyonipeleka darasa la kwanza nikilia njia nzima.

Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia. Waambie hatujambo.

Mdogo wako anayekungoja,
Flavian