Nilivyomwitikia Nukta

Shule ya Wavulana,
Bweni la Tatu, kitanda cha juu karibu na dirisha.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kwamba miguu imeacha kuvimba kwa kule kusimama wodini zamu mbili mfululizo, na kile kikohozi ulichokitaja mwezi uliopita kimekuaga. Huku sisi sote ni wazima. Narudia, sisi sote: mwanao ni mzima, anakula, na hivi ninavyoandika yupo chini ya dirisha langu analinda nguo zake kambani. Nakuomba uishike vizuri sentensi hiyo, maana mbele nina jambo la kukuambia, na sipendi ulisome ukiwa umesimama.

Usishangae hilo la kulinda nguo. Hapa ukianika shati ukageuka kupiga chafya, ukirudi unakuta kamba na vibanio tu. Kwa hiyo kila Jumapili wavulana mia tatu tunaketi kwenye majani, kila mmoja anakodolea macho soksi zake. Mwanao ameshakuwa hodari. Mwezi uliopita alilikuta jitu la kidato cha sita limevaa shati lake, mikono imekomea kwenye viwiko, akasimama mbele yake bila kusema neno mpaka likalivua. Nilijisikia fahari utadhani nimemzaa mimi.

Chakula ni kile kile. Maharage yanakuja na wadudu wake, na mpishi mkuu anasema hiyo ni nyama ya nyongeza, tushukuru. Kengele inalia saa kumi na moja alfajiri, kisha ni mbio za ndoo kwenda bombani. Suruali tunazipiga pasi kwa kuzilalia chini ya godoro. Ukilala kwa fujo, asubuhi unatembea na mikunjo mitatu.

Kitu kingine ni kwamba humu hakuna anayeitwa jina alilopewa nyumbani. Mimi ni Wakili, kwa ajili ya mdomo huu unaoujua. Mwanao ni Nukta, kwa udogo wake. Usikasirike, wapo waliopewa mabaya zaidi. Jina lako la kweli unalisikia mahali pawili tu: tunapoitwa majina uwanjani asubuhi na jioni, na Ijumaa wakati wa chakula cha mchana, mwalimu wa zamu anaposoma majina ya waliopata barua.

Sasa kaa, Mama Mdogo.

Wavulana wa hapa tuna desturi ya kuitikiana. Mwalimu wa zamu akisoma majina hainui macho kwenye daftari. Anasoma, anasikia "Nipo!", anatia alama, anasonga mbele. Basi mwenzako akiwa bado ana sabuni kichwani, au amekwama kwenye foleni ya bomba, unamwitikia. Kesho naye atakuitikia wewe. Anayekataa tunamwona mchoyo. Mimi nina kipaji hicho, naweza kutoa sauti nne tofauti, na bweni zima linajua.

Ijumaa ya wiki iliyopita ilikuja barua yako. Jina lililosomwa lilikuwa langu, kama siku zote, kwa kuwa juu ya bahasha huwa unaandika langu. Nukta aliniomba akae nayo siku moja tu. Nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye mpira, nikamsomea nusu ukurasa nikiwa nimesimama, nikaifungia sandukuni na kufuli. Aliponing'ang'ania nikamwambia, "Barua imekuja kwangu. Subiri yako." Ndivyo nilivyosema, sikupunguzii hata neno. Alinitazama, akaenda zake.

Jumamosi jioni jina lake liliposomwa, hakuwepo. Nilidhani yuko bombani, nikamwitikia. Jumapili asubuhi aliitikia Msumari, anayelala kitanda cha jirani, kwa kudhani yuko na mimi. Lakini Jumapili jioni, Mama Mdogo, nilikuwa nimeshaona kwamba kitanda chake hakikulaliwa. Nikajiambia amenuna, amehamia kwa rafiki zake Bweni la Kwanza, na mimi sibembelezi mtoto. Nikaitika tena. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na sina la kujitetea, Wakili au si Wakili.

Jumatatu asubuhi tumepanga mistari, umande haujakauka, mwalimu anasoma. Akafika kwenye jina la mwanao. Nikabana koo, nikatoa ile sauti yake nyembamba: "Nipo!" Mstari mzima ukageuka kuelekea getini. Pale getini alikuwa amesimama Nukta, sweta lake limefungwa kiunoni, ameshikwa mkono na yule fundi cherehani aliyekuwa jirani yenu kwenye nyumba ya zamani. Mwanao alinisikia nikimwitikia, kwa masikio yake mwenyewe.

Natamani ungemwona fundi. Mzee yule mpole, futi ya kupimia bado shingoni, alipita katikati ya mistari kama mkaguzi. Akamwambia mwalimu, "Jana nimepiga simu hapa. Nimesema nina mtoto wenu kwangu. Nikajibiwa kwamba wanafunzi wote wapo, daftari liko mezani. Sasa huyu ni nani?" Mwalimu akaangalia daftari, akamwangalia mtoto, akaangalia daftari tena. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, wala sikujali inanipeleka wapi.

Haya mengine fundi alinieleza baadaye, jikoni, akinywa chai. Jumamosi asubuhi Nukta alisaidia kushusha mikate, gari lilipoondoka akaondoka nalo, amejificha nyuma kwenye masanduku matupu. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumba yenu ya zamani, akabisha, akamuuliza mama mpangaji kama kuna barua yoyote yenye jina lake. Alikuwa amejijengea imani kwamba unamwandikia kila mwezi, ila bado unatumia anwani ya kule. Mama yule akamwambia hakuna. Akaketi kwenye ngazi mpaka fundi alipokuwa anafunga duka akamwona. Akamchukua kwake, akamlisha, akamlaza na watoto wake. Kesho yake ndipo akapiga ile simu, na mwanao alikuwa pembeni yake akisikiliza shule ikisema yupo.

Nilimfuata bwenini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, unanijua. Aliniwahi. Alikuwa anakunja sweta, hata hakunitazama. "Kumbe hata nisipokuwepo, nipo," akasema. Nikalia, Mama Mdogo, mbele ya Msumari na wengine, na sioni aibu kukuandikia hivyo.

Mkuu wa shule amenivua ukiranja wa bweni, na kwa wiki tatu nasugua masufuria ya jikoni. Nayasugua kwa roho safi. Nukta hakuadhibiwa, alionywa tu, na dereva wa mkate siku hizi anakagua masanduku kabla ya kuwasha gari. Mkuu aliniuliza nani amwandikie mzazi. Nikaomba niandike mimi. Ukiona vema umtoe hapa, au umtoe mikononi mwangu, nitakuelewa. Siku ile unaondoka uliniambia nimshike mkono, nami nikamshika jina tu.

Barua zako zote saba nimempa. Alizisoma chini ya mti wa uwanjani, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wa mtu anayesahihisha mitihani. Aliporudi nilimuuliza kama amefurahi. Akasema ndiyo, ni nzuri, ila zimeanza zote na mimi. Nilibisha, kisha nikachungulia. Ni kweli. Unaanza "Wanangu wapendwa," halafu mstari wa pili ni jina langu, unaniagiza nimkumbushe kupiga mswaki. Sikulaumu hata kidogo. Najua unaandika ukiwa umechoka, na ulidhani bahasha moja inatutosha. Mimi ndiye niliyekuwa hapa na macho yangu mawili, nikaona kila Ijumaa anavyoacha kutafuna mwalimu anaposhika yale makaratasi, nikadhani anapenda kusikiliza.

Kwa hiyo ninakuomba hivi. Ukipata nafasi, hata mistari mitatu, mwandikie yeye. Juu ya bahasha weka jina lake lote, kama lilivyo kwenye daftari la mahudhurio, lisomwe ukumbini wote wasikie. Mimi usiniandikie kwa sasa. Nitaishi.

Bweni letu nalo limebadilika kidogo. Jana jioni jina lake liliposomwa, alichelewa. Alikuwepo, nyuma yangu kabisa, lakini alinyamaza. Nadhani alitaka kuona tutafanya nini. Nilijiuma ulimi. Msumari akaziba mdomo kwa mkono. Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akainua macho kwenye daftari. Tukasubiri watu sitini na wanne, na uji wa jioni unapoa. Ndipo akaitika mwenyewe, kwa sauti kubwa kuliko nilivyomdhania.

Msalimie sana rafiki yako mnayekaa chumba kimoja, na umwambie soksi alizotutumia bado hazijaibiwa. Nyumbani mama hajambo, anakusalimu, ila habari hii hajaijua, namwandikia leo jioni, niombee. Bibi naye yuko imara, anakuulizia kila tukienda likizo. Fundi anasema gauni lako la kijani ulilomwachia apunguze kiuno bado lipo, amelifunika, na kiuno atakipima upya ukirudi.

Mungu akulinde katika zamu zako, akupe usingizi mzuri, na awatie nguvu wagonjwa wako ili nawe upate kupumzika.

Nilimuuliza Nukta niandike salamu gani kutoka kwake. Amesimama chini ya dirisha, shati mkononi, akafikiri. Akasema nisiandike yoyote. Akasema ukimwandikia, atajibu mwenyewe.

Ni mimi, mtoto wa dada yako, nikupendaye na leo nikuogopaye kidogo,

Wakili (aliyestaafishwa)