Kitanzi Kikubwa Kinakaa Juu

Jumatatu. Mvua imekatika, upepo wa ziwa unapuliza, nguo zinakauka mbio.

Naandika na mukono unaonuka samaki, na ninacheka peke yangu. Mutoto aliye mugongoni anashituka kila nikicheka. Daftari hii ni ya Feza, binti yangu mukubwa, ya mwaka jana. Kurasa za nyuma zilibaki nyeupe, nikasema zisipotee. Mimi masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu. Makosa yangu, daftari itavumilia.

Nianzie mwanzo, nisijichanganye.

Juma lililopita upepo ulipasua bendera ya masomo ya Feza, ile shule ya kando ya barabara, upande wa kamba, vitanzi vyake viwili vikatoka. Kwa mutaa wetu mimi njo nashona. Direkteri akaja mwenyewe, ameibeba kwa mikono miwili kama mutoto aliyezaliwa asubuhi.

"Mama Feza, sikia vizuri. Bendera haigusi chini. Haikaliwi. Haiwekwi juu ya meza ya chakula. Haichanganywi na nguo za watu."

"Ndiyo, Sitwayeni Direkteri." Siku hizi kila muntu anaitwa hivyo, raia.

"Na kitanzi kikubwa kinakaa juu, kwa kichwa cha mwenge. Kidogo chini."

Alipotoka, nikazunguka nyumba kama kuku. Chini kwetu ni udongo. Meza ni moja, na njo ya ugali. Kitanda? Juu ya kitanda watu wanakaa.

Basi nikaishona nimesimama. Nikaizungusha mabegani, nikavuta kipande kidogo kidogo, sindano kwa mukono. Naona rangi ya majani, majani tena, manjano kidogo, kidole kimoja cha ule mukono ulioshika mwenge. Mwenge muzima sikuuona hata mara moja. Lakini hata ncha haikugusa udongo! Juzi, Jumamosi, siku ya posho, nikaikunja juu ya kifua, nikairudisha, nikatembea nyumbani kichwa juu.

Jana, siku ya Mungu, katikati ya mahubiri, roho ikasimama.

Kitanzi kikubwa nimekitia upande gani?

Sikukumbuka. Nilifunga macho, nikashona tena bendera yote kwa mawazo. Mara kikubwa kiko juu, mara kiko chini. Watu walifikiri ninaomba sana.

Na leo ilikuwa zamu ya Feza kupandisha. Mara yake ya kwanza, kwa sababu juma lililopita amekuwa wa kwanza kwa kalasi. Mutoto alipiga pasi shati lake mara tatu. Mwenge ukipanda kichwa chini kwa mikono yake, mbele ya masomo yote na askari wa pale barabarani, nani atasema ni kosa la sindano ya mama?

Jana ileile nikakimbia kwa Direkteri. Amekwenda Nyunzu kwa matanga, atarudi na treni ya usiku. Nikaenda kwa mulinzi wa masomo, nikamuomba anifungulie biro ya Direkteri, niangalie bendera kidogo tu. Akanicheka.

"Mama, bendera inalala. Hakuna muntu anaiamsha mbele ya filimbi ya asubuhi."

Papa Feza, yeye ni karani wa bandari, muntu wa kuogopa karatasi. Nilipomuambia akaacha ugali. "Wee mwanamuke! Unataka waniite kwa wakubwa wa biro ya Zoni, nieleze kwa nini moto wa Zaire unamwagika chini?" Kisha akaona machozi yangu, akasukuma sahani karibu yangu. "Kula. Labda mukono wako una akili kuliko kichwa."

Feza alikuwa pale. Alisikia.

Leo asubuhi nikabeba beseni langu la samaki, mikebuka, kichwani, nikapita njia ya masomo kama muntu wa kwenda soko. Uongo mutupu. Nilikwenda kuona.

Filimbi ya bendera ikalia, ile inayosimamisha kila muntu. Barabara yote ikakufa. Baiskeli, mikokoteni, mama wa unga, wote kimya, kila muntu pale filimbi ilipomukuta. Askari mukono kwa kofia.

Feza akashika bendera. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Direkteri akakohoa. Mimi nikasema ndani, amesahau kazi, mutoto wangu, aibu hii nimeileta mimi. Ndipo ikaanza kupanda, imejikunja kama nguo iliyolowa mvua.

Saa ileile nikasikia mabawa.

Mwewe! Akashuka juu ya beseni, paa, akabeba samaki. Sikutikisika. Jirani yangu Mama Kalunga, unga kichwani, akanong'ona bila kufungua midomo: "Mama Feza, anarudi."

Akarudi. Akabeba wa pili.

"Huyu naye ni sitwayeni wa namna gani," akanong'ona tena, "filimbi haisikii?"

Mabega ya watu yakaanza kutetemeka. Unga ukamwagika polepole usoni mwa Mama Kalunga. Sharubu za askari zikacheza, lakini mukono haukushuka. Na mimi macho juu, macho juu, mpaka upepo wa ziwa ukaipiga bendera, ikafunguka yote.

Mwenge umesimama. Moto juu.

Filimbi ya pili ilipolia, barabara yote ilipasuka kwa kicheko. Hata askari aliinama, ameshika magoti. "Mama," akasema, "wewe njo sitwayeni kamili! Mwewe angebeba beseni zima, ungesimama."

Mchana Feza amerudi. Nikamukumbatia, nikamuambia, umeona, mukono wa mama haukukosea.

Akaangalia chini, akicheka kidogo.

"Mama, kitanzi kikubwa kilikuwa kwa mukono wa mwenge, kule chini. Nimefunga kidogo juu, njo moto ukabaki juu."

"Na Direkteri?"

"Alikuwa anakohoa. Hakuona. Nitaileta siku ya posho, tuishone wawili. Mimi nitashika, wewe utaona yote."

Nilikaa. Miaka kumi na mbili nilimushika huyu mutoto asianguke. Leo amenishika yeye, mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua.

Papa Feza bado simuambii. Ngoja ale vizuri kwanza.

Kesho filimbi italia tena, nami nitasimama. Lakini beseni nitalifunika na kitambaa.