Mbege Kwenye Ghala la Mturuki

Jumanne, 9 Septemba

Mungu akishuka Toronto na kiu, ataulizia mlango wangu. Kuanzia ziwani mpaka Brampton hakuna mtu anayejua pombe kunishinda. Nimezaliwa Kibosho, chini ya Kilimanjaro. Damu yangu nusu mbege, nusu uzuri.

Shifti ya maboksi kama kawaida. Maboksi ya viatu, maboksi ya sufuria, maboksi yenye maboksi ndani. Msimamizi kanifokea eti naongea sana. Mimi naongea kiasi. Yeye ndiye anasikiliza sana.

Jioni kaka Godi kapiga simu, yuko Manitoba na lori lake. Posa imepangwa. Jumamosi tarehe kumi na moja Oktoba, kwa kina Aikande, mchumba wake, Brampton. Ila baba mkubwa wa Aikande kaweka sharti. Bila mbege, maongezi hayafunguliwi. Hataki bia, hataki divai ya dukani. Anataka mbege ya ndizi na ulezi, imepikwa na upande wa mwanamume, kama nyumbani.

Mzee ana gereji ya magari mawili na mashine ya kufagia theluji, bado anataka mbege. Nimekasirika mpaka sikio likawaka. Halafu nikasikia mdomo wangu unamwambia Godi, niachie mimi.

Nimeshasema. Basi.

Jumamosi, 13 Septemba

Pa kupikia hamna. Mwenye nyumba anaishi juu, sisi chini, na pua yake inashuka ngazi kabla yake. Mama naye ni mlokole, mtu wa Tanga, pombe hajui hata rangi. Kasema haipikwi pale anapoombea. Marehemu baba ndiye alikuwa Mchaga. Uchaga wote wa nyumba hii nimebeba mimi na Godi, na Godi yuko barabarani.

Godi kanielekeza North York. Kuna Mturuki anatengeneza divai ndani ya ghala, peke yake, Godi aliwahi kumshushia mzigo. Nenda kamwombe kona, akasema. Kwa adabu, akaongeza. Kana kwamba adabu mimi nanunua.

Nimeenda. Ghala liko nyuma ya mafundi magari, mlango wa kukunja, halina hata bango. Ndani mitungi ya udongo mikubwa kuliko mimi, imesimamishwa kwenye mchanga. Mzee anaitwa Halil. Suruali imekunjwa mpaka magotini, yumo ndani ya beseni anakanyaga zabibu. Miguu myeusi, mikono myeusi, kucha nyeusi. Nikamwambia mzee, siku hizi kuna mashine. Akasema mashine inavunja mbegu, na mbegu ni chungu. Hakucheka. Kiingereza chake kibovu kama changu, tulielewana vizuri sana.

Akatoka kwenye beseni, akachota divai kwenye mtungi, akanipa glasi. Nikamrudishia. Nikamwambia onja wewe kwanza, nijue haina sumu.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mwenye pombe anaanza yeye, ndipo mgeni anapokea. Kila mtu anajua. Mturuki hajui. Alinitazama kama nimetemea mate mtungini. Akamwaga glasi sakafuni, akanionyesha mlango.

Fala. Mimi namheshimu kwa mila ya kwetu, yeye ananifukuza. Nimepiga teke kopo kutoka pale mpaka kituo cha basi. Kidole kinauma. Hilo nalo ni kosa lake.

Jumapili, 14 Septemba

Godi kanitukana kwa simu mpaka mtandao ukakatika. Ukarudi, akaendelea.

Baada ya kanisa Mama akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, mimi mwenye ndevu, akanipeleka kwa Mturuki. Mama yule yule asiyegusa pombe, kaingia ghalani na Biblia kwapani na gauni lake la kwaya. Akamwambia, baba, kwa watu wa mume wangu mtoaji hunywa kwanza, ni heshima. Huyu mwanangu alimaanisha heshima, ila mdomo wake hauna breki.

Mturuki akafikiri. Akachota, akanywa yeye, akafuta ukingo wa glasi kwa shati, akanipa. Mama kapewa zabibu za kula.

Kona nimepata. Sharti nimsaidie kazi Jumamosi na Jumapili, na jioni nikitoka shifti mapema. Vyombo vyangu visiguse vyake. Nimekubali. Ila imeniudhi kwamba Mama kaweza kwa maneno manne nilichoshindwa mimi, mwenye maneno yote.

Jumapili, 21 Septemba

Nimekuja kuomba kona, nimekuwa mtumwa.

Osha mpira wa maji. Osha beseni. Osha sakafu. Osha mikono. Umeosha? Osha tena. Mzee huyu angezaliwa samaki.

Maganda ya zabibu yanapanda juu ya mtungi yanakuwa kifuniko kigumu. Inabidi yasukumwe chini, asubuhi na jioni, yasikauke. Mwiko anao, ila anatumia mkono. Anauzamisha mpaka kwapani, amefumba macho, anapapasa. Eti anatafuta palipo na joto. Anaweka sikio kwenye udongo, anasikiliza. Anaonja. Kila mtungi, kila siku, anaonja, anatema, anakaa kimya. Nikamuuliza unasali au unafanya kazi. Akasema nyamaza, nasikia mdomo wangu.

Nimecheka. Yeye hakucheka. Kwao kuna zabibu zinaitwa jicho la fahali, ndiyo divai ya mama yake. Hapa anatumia zabibu za wakulima wa ng'ambo ya ziwa na anatafuta ladha ile ile. Nikamuuliza umeipata? Akasema bado, lakini akiionja ataijua.

Kujisifu kwingine bwana. Sijui kwa nini kumenikera kiasi hiki.

Jumanne, 30 Septemba

Nimechemsha ndizi. Ndizi za dukani, nimeziacha mpaka zikawa nyeusi kama lami, kila aliyepita mlangoni akashika pua. Jiko la gesi nimeazima kwa mafundi magari. Nimekoroga mpaka rojo likawa jekundu. Bega limekufa. Sasa zimo kwenye mapipa mawili ya plastiki pale konani, zimefunikwa shuka.

Shangazi Manka anaelekeza kutoka Kibosho kwa ujumbe wa sauti. Anasema kila kitu isipokuwa kipimo. Ndizi za kutosha. Maji ya kutosha. Zikae mpaka zitulie. Nikamuuliza nitajuaje zimetulia? Akajibu huku anacheka, kuku wanalia nyuma yake: "Mwanangu, ulimi wako utakwambia. Wewe si Mchaga?"

Nimeizima simu.

Jumapili, 5 Oktoba

Baridi. Mturuki kafungua mlango wa kukunja makusudi, hewa iingie, divai yake iende polepole. Nikamwambia ya kwangu inataka joto. Akasema hilo analiona, kwake mapovu, kwangu kimya. Akaniambia nisogeze mapipa kule kwenye chumba cha boila, au nichelewe wiki.

Wiki sina. Posa Jumamosi. Na chumba cha boila ni kichafu, na mapipa mazito, na nilishachoka kuambiwa. Nikamjibu, mzee, wewe fahamu zabibu, ndizi niachie mwenyewe. Nilikunywa mbege kabla sijaota meno.

Akainua mikono, akaenda kwenye mitungi yake.

Ulezi unachipua nyumbani kwenye sinia, chini ya kitanda changu. Mama anajifanya haoni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mzee kaja konani bila kualikwa, kachovya kikombe. Kaonja. Kasubiri. Kasema sukari bado imejaa, hii haijalala wala haijaamka. Kisha akaniuliza, ya kwenu iko hivi?

Nikamwambia ndiyo. Ya kwetu tamu.

Akauliza tena, taratibu, kama daktari. Hivi hivi?

Nimefoka. Nimemwambia yeye ni Mturuki, ya mbege yanamhusu nini. Aonje mikojo yake ya zabibu. Nimesema mengine siyaandiki. Alichukua kikombe chake akakiosha.

Simpendi. Simpendi macho yake, simpendi kuuliza kwake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimechuja. Nimepika uji wa kimea, nimechanganya. Gome la msesewe, lile la kuitia mbege uchungu, lilikuja kwenye begi la mgeni kutoka Moshi, limefichwa ndani ya soksi. Shangazi kasema kiganja kizima. Nimelamba. Chungu kama dawa ya malaria. Nani atakunywa hiyo? Nimetia kidole kimoja tu.

Sasa ni tamu, nzito, laini. Nimekunywa vikombe viwili. Nzuri kabisa. Nimejaza ndoo kubwa yenye kifuniko, pipa la pili nimeliacha pale pale, halikuhitajika.

Godi katua asubuhi hii na macho mekundu ya barabara. Hajaonja, kesho anaendesha, na harufu tu inamtosha eti inamkumbusha babu. Kaniuliza kitu kimoja tu.

"Dogo, iko sawa?"

Nikamwambia kesho watakulilia.

Jumamosi, 11 Oktoba



Tulikuwa Mama, Godi, mimi, na mchungaji wetu wa kutuongelea. Wao walijaa sebule mpaka ngazi. Aikande kavaa kitenge cha kijani, kajifanya hatuoni. Ndoo ikawekwa katikati. Baba mkubwa wake katoa kata ya kibuyu, kaitoa wapi Brampton sijui, akasema aliyepika aanze.

Nikanywa. Nikafuta mdomo. Nikasema, mbele ya watu wote, na kifua mbele: "Wazee, hii ni mbege ya Kibosho. Mkinywa mtaomba viti vya kulalia."

Wakacheka. Nilipendeza sana pale.

Mzee akapokea. Akanywa. Akaiviringisha mdomoni. Akamkabidhi mdogo wake, naye akanywa. Wakatazamana.

"Kijana," akasema, "hii ni togwa."

Akanigeukia.

"Togwa wanapewa watoto wakitoka shule. Mmekuja kumposa nani hapa? Mtoto wa darasa la pili?"

Watu wakaangua kicheko, mabinti mpaka kule ngazini. Kisha mzee akalaza kata kifudifudi mezani na kicheko kikakatika. Akasema hana ugomvi. Akasema mtu aliyeshindwa kuwaletea mbege atashindwa mengine. Tukipata iliyo mbege, turudi. Mchungaji akajaribu. Mzee akamkaribisha chai.

Aikande akaingia jikoni. Bomba likafunguliwa, likaachwa linamwagika muda mrefu.

Nilitaka kuwapiga wote. Mzee na gereji zake. Wale mabinti. Ndizi za Kanada zisizo na akili. Mturuki na mlango wake wazi, baridi yake ndiyo imeniua. Shangazi na kutosha kutosha yake. Nilisema haya yote ndani ya gari. Mama akasema mwanangu, tunyamaze. Godi akakaza macho barabarani. Ndoo ilikuwa mapajani mwangu, kila kona inanimwagikia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu, shifti hakuna. Godi kaondoka na lori bila kuaga. Viatu vyake tu havipo mlangoni.

Kampigia Aikande simu jana, najua kwa sababu kuta ni karatasi. Aikande kamwambia kwamba baba mkubwa anataka wasubiri mpaka mwakani, na amekwisha kumtajia kijana mwingine, mhasibu. Godi akawa anasema sawa. Sawa. Sawa. Godi mwenye sauti ya lori.

Bado nina hasira, ila sijui niiweke wapi. Nimeosha ndoo mara tatu.

Jumatano, 15 Oktoba

Msimamizi kauliza mbona siongei. Nikamwambia naumwa.

Shangazi katuma ujumbe. Anauliza sherehe ilikuwaje, na kama walinisifu. Sijaufungua wa pili.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeenda kwa Mturuki kuchukua pipa nililoacha. Nilijua kalimwaga. Ningekuwa mimi ningelimwaga, tena mlangoni pake.

Hakulimwaga. Kalikokota mwenyewe mpaka chumba cha boila, akalifunika blanketi. Nilisikia kabla ya kuona. Linachemka lenyewe, taratibu, kama mtu anayeongea usingizini. Juu povu zito.

Nilimwambia samahani kwa yale ya zabibu zake. Akasema mitungi haijambo, haikusikia. Nikamsimulia ya Brampton, yote, na togwa. Safari hii alicheka, kidogo, halafu akaacha mwenyewe.

Nimepika uji wa kimea pale pale kwa mafundi magari, nimechanganya kikombe kimoja cha kujaribia, nimetia gome kama shangazi alivyosema. Tukakaa juu ya kreti za zabibu. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilianza mimi. Ilikuwa chachu, chungu, ikanikwaruza koo na kunipasha masikio. Nikampa. Akaonja, akafumba macho, akakaa muda wake.

Akasema hii imeamka. Lakini yeye hawezi kujua zaidi ya hapo.

Akaniuliza kama ndiyo yenyewe.

Nilikuwa na jibu mdomoni, lile la kawaida. Halikutoka. Yeye alikuwa anakwangua udongo kwenye kucha.

Nikamwambia sijui. Nilitolewa Kibosho nina miaka mitano. Mbege sijawahi kuinywa.